Namba Iliyohesabiwa Ndani ya Friji

Mgeni yeyote aliyeingia nyumbani kwa Bi Pasi kwa mara ya kwanza alifanya kosa lile lile. Alipewa kiti, akaulizwa habari za watu wake, kisha macho yakamtoka kuelekea kona ya sebule, kati ya kochi na dirisha, ilikosimama friji ndefu ya mlango wa kioo, ya aina ile inayokaa madukani ikiwa imejaa soda. Mgeni alimeza mate, akangoja. Wale wasio na haya waliinuka wakafungua wenyewe, na badala ya soda wakakutana na kompyuta kuukuu iliyovuliwa kasha lake, iko uchi kabisa, nyaya nje nje kama matumbo, imelazwa kwenye rafu ya katikati na feni zake zinavuma.

"Funga mlango," Bi Pasi alikuwa akiwaambia, bila ukali. "Joto linaingia."

Friji ilikuwa ya mumewe, fundi wa mafriji ambaye mtaa mzima ulimwita Baridi. Baridi alikuwa amekwisha kufa. Friji ilikuwa bado inafanya kazi.

Bi Pasi mwenyewe jina lake ni la kazini. Kwenye hospitali kubwa, chini kabisa, nyuma ya jiko na jirani na kile chumba wanachopelekwa wagonjwa waliopona kwa njia ile nyingine, kuna chumba cha kufulia. Mle ndani kuna mashine ya pasi, rola la chuma lenye urefu wa kitanda na joto la kumtoa mtu dini. Shuka mbichi inaingia upande huu, inatoka upande wa pili ikiwa kavu na imenyooka. Bi Pasi anashika pembe mbili, mwenzake anashika pembe mbili, wanasogeleana, wanaachana, wanasogeleana tena, na shuka inakuwa nusu, robo, nusu ya robo, mpaka inakuwa kitu cha kubebwa kwapani. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akifanya hivyo mchana, na jioni anarudi kwa mwanamume aliyekuwa akitengeneza baridi. Watani walisema wale wawili wakikumbatiana wanapata uvuguvugu. Utani huo ulizeeka pamoja nao.

Mwenzake wa pembe mbili za pili aliitwa Bi Mkunjo, mwanamke mwenye maneno mengi kuliko shuka, na hospitali ile ina shuka nyingi. Yeye ndiye aliyeanza kugundua. Wiki ya kwanza Bi Pasi aliporudi kazini baada ya msiba, ngozi ya mkono wake iligusa rola ikatoa moshi kidogo, na mwenye mkono akawa anaendelea kukunja. Bi Mkunjo ndiye aliyepiga yowe, akamburuta mpaka kwenye bomba.

"Shoga, unaungua."

"Ah," akasema Bi Pasi, akiutazama mkono kama wa mtu mwingine. "Kweli."

Haikuwa huzuni. Huzuni angeitambua, alishazika wazazi wake wawili. Hii ilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya kwa muda mrefu, ila safari hii mguu ulikuwa yeye mzima. Kwenye mazishi hakutoa hata tone. Shangazi mmoja wa marehemu alimfinya ubavuni, kwa nia njema tu, ili apate pa kuanzia. Hakuanza. Wakwe wakaongea waliyoongea. Wengine walisema amekuwa jiwe, wengine walisema alikuwa jiwe tangu mwanzo ila marehemu alimfunika. Yeye aliyasikia yote, akaona yana ukweli kiasi, akaenda kuosha vikombe.

Sasa hiyo kompyuta. Baridi aliiokota kwenye ofisi moja alikokwenda kutengeneza kiyoyozi. Wenye ofisi walikuwa wanaitupa. Kijana wa mitambo aliyekuwa akiitoa nje alimwambia kwa mzaha kwamba usiku ofisi ikifungwa, kompyuta ile ilikuwa haikai bure, ilikuwa inatafuta namba tasa kubwa kuliko zote. Baridi akauliza hiyo ni nini. Kijana akamweleza pale pale kwenye ngazi, na Baridi, ambaye shule aliiacha kabla haijamwacha, alirudi nyumbani siku ile na kompyuta begani na ugonjwa kichwani.

Alimweleza mkewe kwa shuka, kwa kuwa ndicho kitu alichojua mkewe hawezi kukikimbia. Chukua shuka kumi na mbili, akasema. Unaweza kuzipanga mafungu matatu yaliyo sawa, au manne, au sita, au mawili. Chukua shuka thelathini na moja. Panga. Hazipangiki. Ama uweke rundo moja tu, au uzitandaze moja moja sakafuni kama mwendawazimu. Namba ya namna hiyo haikubali kugawanywa na mtu. Hiyo ndiyo tasa.

Mama yake Baridi, aliyekuwa amekaa hapo hapo akichambua mboga, alisema neno hilo lisitajwe tena ndani ya nyumba ile, kwani mjukuu wake alikuwa bado hajaolewa. Kwa hiyo tangu siku hiyo ikaitwa Namba, peke yake, kama mtu. Mjukuu akaolewa, akahamia mbali pamoja na mumewe, akazaa mapacha. Namba ikabaki inaitwa Namba.

Waliokuwa wakihesabu namna hiyo walikuwa wengi, dunia nzima, kila mmoja na mashine yake na kipande chake. Kuna wanahisabati, ambao ni watu wanaolipwa kukuna vichwa, na kuna watu kama Baridi, ambao huvikuna bure. Namba aliyogawiwa Baridi kwa mtandao safari hii ya mwisho ilikuwa hivi: unachukua mbili, unaizidisha kwa mbili, na tena kwa mbili, mpaka mbili zako zifike milioni tisini na kitu. Halafu unatoa moja. Basi. Mtoto anaweza kuitaja. Kuiandika ndiyo kasheshe: tarakimu zake zingejaza vitabu zaidi ya arobaini, vya kurasa mia tatu kila kimoja, na hakuna hata kimoja chenye hadithi.

Kuijua kama inagawanyika ndiyo kazi. Huwezi kukaa unajaribu kuigawa kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, mpaka uzee. Lakini kuna ujanja, na ujanja huo ndio uliomlevya Baridi kuliko bia. Unaanza na nne. Unaizidisha kwa yenyewe, unatoa mbili. Unachopata unakigawa kwa Namba, unatupa jibu, unachukua kile kilichobaki. Hicho nacho unakizidisha kwa chenyewe, unatoa mbili, unagawa, unachukua baki. Hivyo hivyo, bila kuchoka, raundi sawa na idadi ya zile mbili ulizozidisha, kasoro raundi mbili. Ukifika raundi ya mwisho, unaangalia kimebaki nini. Kikibaki sifuri, Namba ni tasa. Kikibaki kitu kingine chochote, hata kidogo namna gani, kwaheri.

Alimwonyesha kwa ile thelathini na moja, ambayo ni mbili tano zilizozidishwa ukatoa moja, kwa hiyo raundi tatu. Nne kwa nne kumi na sita, toa mbili, kumi na nne. Kumi na nne kwa kumi na nne, toa mbili, mia moja tisini na nne, gawa kwa thelathini na moja, inabaki nane. Nane kwa nane sitini na nne, toa mbili, sitini na mbili. Gawa.

"Imebaki nini?" Baridi akauliza, macho yamemtoka.

"Haijabaki kitu," akasema Bi Pasi.

"Umeona." Akakaa chini kama mtu aliyetua gunia.

Alichokipenda zaidi, na Bi Pasi alichoona ni ushenzi, ni hiki: Namba ikishindwa, ujanja ule unakwambia inagawanyika, na unakwambia kwa hakika isiyo na shaka, lakini haukwambii inagawanywa na nani. Ni kama jirani anayekuja kukuapia kwamba mumeo ana mwanamke mwingine, akakataa kumtaja, akaomba chai. Mtu unabaki na hakika yako mkononi, huna pa kuipeleka.

Halafu Baridi mwenyewe akaanza kukonda. Madaktari wa hospitali ile ile ambayo mkewe alikuwa akiinyooshea shuka walimpiga picha, wakamtoa damu, wakasema kuna kitu. Waliulizwa ni kitu gani. Wakasema bado hawajui ni kitu gani, ila kipo, na ni kibaya. Baridi alicheka mpaka akakohoa. Alimwambia mkewe, "Hawa nao wanatumia ule ujanja wangu." Hicho ndicho kichekesho chake cha mwisho kilichokamilika. Baadaye, sauti imebaki ya kupuliza tu, alimwomba jambo moja, kwamba ile iliyomo kwenye friji asiizime mpaka imalize. Hii tu. Baada ya hii atajua mwenyewe.

Kwa hiyo haikuzimwa. Umeme ulipokatika kulikuwa na betri ya lori chini ya kochi. Mashine ilikuwa imezeeka, inaenda mwendo wa kobe mwenye vidonda, na kwenye kioo chake kidogo asilimia ya hesabu iliyokwisha ilikuwa ikipanda kwa uchovu. Bi Pasi alikuwa akirudi kazini, anavua viatu, anakaa sakafuni, anauegemeza mgongo kwenye ubavu wa friji. Kule ndani kulikuwa na baridi, huku nje ubavu ulikuwa wa moto na unatetemeka. Alikuwa halii pale, wala hasali, wala haongei na marehemu kama wanavyofanya watu kwenye michezo ya redioni. Alikaa tu. Ila mgongo wake ulikuwa unasikia. Katika mwili mzima, ilikuwa ndiyo sehemu pekee inayosikia kitu, na ilisikia mahali pale tu. Akiondoka, inazimika.

Aliyeitaka friji alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, mtu aliyeitwa Mwenyekiti. Hakuna aliyekumbuka alichaguliwa na nani. Alikuwa mwenyekiti wa harusi, wa misiba, wa mtaro ulioziba, na watu wawili wakigombana njiani yeye anafika anafungua kikao. Alikuwa na duka la vinywaji lenye friji moja inayovuja, na tangu mdogo wake angali hai alikuwa akiitazama ile ya sebuleni kwa jicho la mtu anayetazama shamba la bure. Msiba ulipopoa, alikuja na hoja. Alisema kwa upole kwamba marehemu apumzike, na kwamba kupumzika kwake kunazuiwa na makelele ya feni. Alisema friji ni chombo cha kupozea vinywaji, hivyo ndivyo ilivyozaliwa. Alisema tena shemeji anahitaji nafasi sebuleni. Bi Pasi akauliza nafasi ya nini. Mwenyekiti akasema nafasi kwa ujumla.

Mama mkwe ndiye aliyekata shauri. Alikuwa mwanamke mfupi, asiyesikia vizuri sikio moja, na watoto wake wote walikuwa wanaongea na lile jingine kwa adabu. Alisema mashine imalize kwanza, kwa sababu marehemu aliomba. Ikiipata hiyo Namba, friji ibaki hapo ilipo, iwe kumbukumbu yake, na mtu asiiguse. Isipoipata, itolewe kompyuta, friji iende dukani kwa kaka yake. Wote wakakubali. Mwenyekiti alikubali harakaharaka, maana aliamini mdogo wake hakuwahi kupata kitu chochote alichokitafuta, isipokuwa mke, na huyo naye alimpata kwa kumtengenezea baba yake friji.

Bi Pasi alikubali pia. Alijua kitu ambacho wao hawakukijua, kwamba karibu zote hushindwa. Baridi alishamaliza kadhaa kabla ya ile na kila mara kilibaki kitu. Kwa hiyo alichokuwa akikitazama kikipanda kwenye kile kioo, kidogo kidogo, ni siku ambayo mgongo wake nao utazimika. Alilijua hilo kama anavyojua kesho ni kazini. Halikumwuma. Ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Kilichotokea kwa Mwenyekiti katikati ya hapo hakikutarajiwa. Alianza kuja kukagua asilimia, mwanzoni kwa ajili ya friji. Akawa anauliza maswali. Mtu fulani dukani kwake akamwambia kwamba anayepata namba ya namna ile, jina lake linatangazwa dunia nzima. Mwenyekiti alikaa na habari hiyo siku nzima. Jioni alikuja akiwa amebadilika. Alianza kusema "Namba yetu." Alianza kusema kwamba yeye ndiye aliyemfundisha marehemu kuhesabu, kwa vifuniko vya chupa, wakiwa wadogo. Alimletea Bi Pasi feni ya ziada ili mashine isipate joto. Watu wa mtaani wakaanza kumsimamisha njiani kumwuliza imefika ngapi, naye anawajibu kama mtu aliyetoka wodini kumwona mgonjwa: inaendelea vizuri, imetulia, tuiombee.

Ilipokaribia kabisa mwisho, iliangukia siku ya mapumziko, mchana. Mwenyekiti alileta viti vya plastiki. Bi Pasi alitoka kuanika nguo akakuta sebule imejaa: majirani, shangazi mfinyaji, wateja wa duka, Bi Mkunjo na kanga yake nzuri, na mama mkwe kwenye kochi akiwa ameelekeza sikio zima upande wa friji. Watu walikaa wakiitazama kompyuta kupitia kioo kama watu wanaongoja keki iumuke. Mlevi mmoja, mteja mwaminifu wa Mwenyekiti, aliuliza kama soda zinakuja kabla au baada. Akanyamazishwa.

Asilimia ikafika mia. Kioo kikawa cheusi kidogo, kisha pakatokea mstari mmoja. Kilichobaki chote hakikuweza kuonekana, kwa kuwa nacho kingetaka vitabu arobaini. Mashine huonyesha mkia wake tu, na huuandika kwa lugha yake, tarakimu zimechanganyika na herufi. Mwenyekiti alivaa miwani, akainama, akausoma kwa sauti ya kutangaza matokeo ya uchaguzi.

"C. Saba. Tisa. A. Nne. E. E. Moja."

Akaendelea hivyo mpaka mwisho. Mtu wa nyuma akauliza, kwa heshima, hizo herufi zimeingiaje kwenye namba.

"Ndiyo ukubwa wenyewe huo," Mwenyekiti akamjibu. "Tarakimu zimekwisha. Imebidi waanze kuazima herufi."

Kisha mtu mmoja akapiga makofi, na ya wengine yakafuata, na shangazi akapiga kigelegele kilichotisha paka nje. Mwenyekiti alivua miwani akajifuta macho, na haki ya Mungu alikuwa analia kweli. Alisema mdogo wake ameipata. Alisema watu walimcheka, na yeye mwenyewe hakusema alikuwa miongoni mwao. Alisema friji hii haitoki hapa, hata aje nani, hata yeye mwenyewe akija kuiomba afukuzwe, kwa kuwa sasa si friji tena, ni historia. Watu wakaitikia. Bi Pasi alikuwa amesimama mlangoni na beseni tupu la nguo. Aliona mstari ule kutoka pale alipo. Hakuhitaji kuusoma. Sifuri haiwi ndefu hivyo.

Akaelewa pia, polepole, kwamba imekwisha na amepata. Friji inabaki. Kila jioni, mgongo wake, ukuta wa moto, mpaka azeeke. Wala hahitaji kudanganya, anahitaji kukaa kimya tu, na kukaa kimya ndiyo kitu alichokuwa akikifanya vizuri kuliko wote tangu mazishi. Angefanya hivyo. Kama si Mwenyekiti kumgeukia.

"Shemeji. Njoo huku mbele. Waambie watu neno."

Wote wakageuza shingo. Bi Pasi alitafuta neno. Kwa mtu mwenye ganzi, uongo ni kazi ngumu: inabidi uutunge, uupambe, uutie sauti ya furaha, uso nao ushiriki. Alitazama ndani yake akaona hana hata kimoja cha vifaa hivyo. Kilichokuwepo karibu, kisichohitaji nguvu yoyote, ni ukweli. Akausema kwa sauti ile ile anayoulizia sabuni.

"Haikupata."

Mwenyekiti akacheka kidogo, akawaambia watu shemeji amechoka. Bi Pasi akasema hapana, hakuchoka. Akasema ingetakiwa kubaki sifuri, na hicho alichosoma shemeji ndicho kilichobaki. Namba inagawanyika. Yule yule wa nyuma, mwenye maswali ya heshima, akauliza inagawanywa na ngapi.

"Haisemi."

Sasa wakacheka wengi. Mlevi akasema huyu mama anamshtaki mwizi asiyemjua, tena hajaibiwa. Shangazi akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba ndiyo yale yale ya mazishini. Mwenyekiti aliweka mkono begani mwa Bi Pasi na kumwambia kwa huruma kubwa kwamba asijinyime furaha, kwamba marehemu asingependa. Alikuwa hasemi kwa ubaya. Alikuwa ameshalia mbele za watu, na mtu akishalia mbele za watu kwa jambo, jambo hilo haliwezi tena kuwa si kweli.

Mama mkwe aliinua kidole, sebule ikatulia. Akamwita mkwewe akae karibu, upande wa sikio zima.

"Mwanangu, una hakika?"

"Nina hakika, mama."

"Alikwambia yeye?"

"Alinionyesha. Ikishinda haibaki kitu."

"Kwa hiyo miezi yote hii mashine inavuma, ni bure."

"Si bure, mama. Atakuja mwingine kuihakikisha, naye ataona hivyo hivyo. Baada ya hapo hakuna atakayehangaika nayo tena."

Bibi alikaa na jibu hilo mdomoni kama anayeonja chumvi. Kisha akasema tulikubaliana, basi tumekubaliana. Haikupata, friji iende dukani.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipoikataa friji. Alisema haiwezekani. Alisema watu wote hawa wameshuhudia. Alisema yeye hawezi kuweka bia ndani ya kumbukumbu ya mdogo wake. Mama yake akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba aliililia friji tangu udongo wa kaburi haujakauka, kwa hiyo ataibeba, na ataibeba leo, kwa kuwa wabebaji wamekwisha kukaa kwenye viti.

Bi Pasi akaenda kwenye kona. Alipoinama akaona kwamba mstari ule haukuwepo tena. Mashine haikungoja kikao. Ilikuwa imekwisha kuchukua namba nyingine, mpya, kubwa kuliko ile, imeianza kwenye nne, na kwenye kioo palikuwa na asilimia sifuri na nukta kadhaa zinazopepesa. Haikuwa na habari na mtu. Hakuna aliyeiambia kwamba fundi amekufa, na hata ingeambiwa ingeendelea, nne kwa nne, toa mbili.

Alisimama hapo. Angeweza kuitoa na kuiweka juu ya meza, bila friji, ivume mpaka iungue. Mama mkwe asingekataa. Lakini aliyoahidi ilikuwa ile, na ile imekwisha. Aliuweka mgongo kwenye ubavu wa friji, mbele ya watu wote, kwa muda mfupi, kama anayejipima kimo. Kisha akapeleka mkono nyuma akachomoa waya ukutani, na ule wa betri chini ya kochi.

Feni zilizunguka kwa mazoea, zikapunguza, zikaacha. Watu wengine walikuwa bado wanaongea kwa sauti ya kushindana nazo, wakajikuta wanapiga kelele kwenye chumba kimya, wakaona aibu, wakanyamaza. Kutoka nyumba ya tatu ilisikika mtu akifagia.

Bi Pasi akatoa kompyuta kwenye rafu kwa mikono miwili, akaifunga ndani ya taulo. Wanaume wakaishika friji huku na huku, wakagombana kwanza nani atembee kinyumenyume, wakatoka nayo. Mwenyekiti alitangulia kuwasafishia njia, na kabla hawajafika kwenye kona alikuwa ameanza kumweleza mpita njia kwamba hii ndiyo friji iliyopata ile Namba. Bi Pasi alimsikia. Hakumfuata kumsahihisha. Akavipanga viti vya plastiki kimoja juu ya kingine, rundo moja, akamsindikiza mama mkwe mpaka nje.

Asubuhi, chumba cha kufulia kilikuwa na mzigo wa wodi mbili. Bi Mkunjo, ambaye hakuwahi kukaa na jambo kifuani tangu azaliwe, alivumilia shuka tatu nzima. Kwenye ya nne akashindwa.

"Shoga, jana ungenyamaza tu. Nani angejua?"

"Hakuna."

"Sasa?"

Bi Pasi alipokea shuka iliyokuwa inatoka kwenye rola, akaiachia pembe moja, akapuliza vidole.

"Ina moto hii," akasema.

"Siku zote ina moto," akasema Bi Mkunjo. Kisha akamtazama vizuri, akanyamaza, jambo ambalo wafuaji wengine walilizungumza mpaka saa ya chakula. Baadaye kidogo akasema, kwa upole usio wake, "Pole lakini. Kwa ile Namba."

"Nyingi huwa hivyo," akasema Bi Pasi. Akaziokota pembe zake mbili, akamsogelea mwenzake.